"Out of Africa": Sinema ya Mapenzi na Shamba la Kahawa Lililoshindwa

Wengi waliokwisha kuiona sinema iitwayo "Out of Africa" hukumbuka mambo mawili: eropleni ya manjano ikiruka juu ya makundi ya flamingo, na Robert Redford akimwosha nywele Meryl Streep kando ya mto. Lakini mkulima wa Kachibora atakayeitazama kwa makini ataliona jambo la tatu, nalo ni shamba.

Sinema hiyo ilitolewa Desemba 1985. Mwongozaji wake alikuwa Sydney Pollack wa Marekani, naye alitwaa habari zake katika maisha ya Bibi Karen Blixen, Mdenmaki aliyefika Mombasa Januari 1914, akaolewa huko na Bwana Bror Blixen, kisha akalima kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi mwaka 1931. Ndoa ilivunjika. Bibi huyo akampenda mwindaji Mwingereza, Denys Finch Hatton, ambaye alikufa Mei 1931 eropleni yake ilipoanguka Voi.

Kazi ya kuitengeneza haikuwa ndogo. Nairobi ya zamani ilikuwa imekwisha kutoweka, basi mafundi wakajenga mji mwingine wa kuigiza, wenye maduka na mitaa yake. Simba waliofugwa waliletwa kutoka California, safari ya ajabu kwa simba kuja Kenya! Nyumba ya Bibi Blixen yenyewe, ambayo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, haikutumika. Picha zilipigwa katika nyumba nyingine ya jirani. Redford naye alimwigiza Mwingereza kwa matamshi ya Kimarekani, na watu wengi wakamcheka. Hata hivyo sinema ilipata tuzo saba za Oscar, pamoja na ile ya picha bora ya mwaka.

Sasa turudi shambani. Bibi Blixen aliandika kwamba shamba lilikuwa na ekari 6,000, nazo ekari 600 hivi zilipandwa kahawa. Lilikuwa juu kupita futi 6,000, mahali pasipoifaa kahawa. Mara mvua ikakosa, mara upepo ukakausha maua. Kiwanda kiliungua mwaka 1923. Katika sinema moto huo umesogezwa karibu na mwisho, ili ionekane kwamba usiku mmoja ndio ulioleta hasara yote. Mkulima anajua kwamba sivyo. Shamba hufa polepole, deni juu ya deni, na lile lilikula fedha za jamaa zake wa Denmark kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa.

Ekari 1,000 nyingine zilikaliwa na maskwota, wengi wao Wakikuyu. Kwa ruhusa ya kulima na kufuga humo, kila mwanamume alimfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka, kwa mshahara wa shilingi 12 kwa kila siku 30. Wazee wa Trans Nzoia hawahitaji kufafanuliwa maana ya neno skwota, kwa kuwa mashamba ya walowezi yalienea huku pia, hadi chini ya milima ya Cherangany, na wengi walizaliwa katika ardhi ambayo baba zao walikaa kwa idhini ya mtu mwingine.

Shamba lilipouzwa, mnunuzi alikusudia kulikata viwanja, na maskwota wakatakiwa kuondoka. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo palipo na kiini cha sinema yote, ingawa huchukua dakika chache tu. Bibi huyo anapiga magoti mbele ya Gavana, wageni wakitazama, akiwaombea watu hao ardhi. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 hakuna magoti. Yeye aeleza jinsi alivyozunguka ofisi baada ya ofisi. Maskwota hawakutaka kutawanywa, walitaka kukaa pamoja kama walivyozoea, tena wabaki na ng'ombe wao. Mwishowe Serikali iliwakatia sehemu katika msitu wa Dagoretti.

Uhamisho huo sinema haiuonyeshi. Yamalizikia kwenye kaburi la Finch Hatton huko Ngong, simba wawili wakiwa wamelala juu yake. Mtazamaji hawaoni akina mama wakifunga mizigo, wala ng'ombe wakiswagwa kuelekea Dagoretti.