Mchi Uliouharibu Uso wa Mawenzi

Wasemao Kiingereza, na hasa Wamarekani, wamtajapo mtu aliyenyimwa uzuri wa sura, hudai kwa dhihaka kwamba alipigwa kwa fimbo ya ubaya. Na msemo huo, uliozagaa katika karne ya 20, haumtaji aliyepiga wala kosa la aliyepigwa, jambo nilionalo kuwa ni dhuluma. Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro nao wana kisa cha pigo lililoharibu sura, lakini chao kina sababu, na majeruhi wake huonekana na kila asimamaye Moshi alfajiri, mbingu zikiwa safi, akaelekea kaskazini: kushoto Kibo, mviringo mwenye theluji, na kulia Mawenzi, aliyemeguka-meguka.

Yasimuliwa kwamba Mawenzi, moto wake ulipozimika, alikwenda kwa Kibo kuomba kaa, akamkuta akitwanga ndizi kavu kinuni, akapewa moto na, kwa ukarimu, ndizi pia. Nazo zikamkolea hata akauzima moto ule makusudi, apate udhuru wa kurejea. Alirudi, akapewa; aliporudi tena, Kibo alighadhibika, akamshushia mchi ule ule wa kutwangia, na tangu hapo Mawenzi ana mapengo, na kwa haya hujisitiri mawinguni.

Linalonistaajabisha ni ule moto. Wajuzi wa miamba wasema vilele vyote viwili ni volkano, na kwamba Mawenzi, mwenye mita 5,149, ndiye mkongwe: moto wake ulikufa zamani mno, kisha mvua, upepo na barafu vikala majivu na mawe laini, vikaacha mishipa ya miamba migumu imesimama kama meno. Kibo, mwenye mita 5,895, alikua baadaye, na hata leo shimo la kileleni pake hutoa mvuke wa kiberiti. Wasimulizi wale, wasio na chombo cha kupimia, walisadifu ni nani mwenye kaa na ni nani aliyezimikiwa.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikifikia kilele cha Kibo mwaka 1889, lakini Mawenzi aliwashinda. Hakupandwa hadi mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Wageni wengi hata sasa humpita tu. Kwa watu wa Rombo, hata hivyo, yeye ndiye mlima ulio mbele ya macho, na katika miteremko yake huanzia mto Lumi, ushukao Taveta hadi ziwa Jipe.