Kowboi wa Leopoldville

Tukiwaona watoto wetu wakivaa na kusema kama watu wa filimu, tunalalamika: vijana wa leo! Lakini babu zao waliwatangulia.

Katika miaka ya 1950, kule Leopoldville tunakoita leo Kinshasa, vijana wa mitaa ya weusi walipenda mno filimu za kowboi za Marekani. Buffalo Bill ndiye aliyewashika roho, hata wakajiita Bills. Walivaa jinzi, shati la mirabamiraba na kitambaa shingoni. Filimu za Kihindi nazo ziliwavuta, na lugha yao ya siri, mchanganyiko wa Kilingala, Kifaransa na nyingine, ikaitwa Hindubill.

Mavazi hayakudhuru mtu. Shida ni kwamba vikundi viligawana mitaa na kupigana, na walioumia zaidi ni wasichana. Msichana akipita mtaa usio wake alisumbuliwa, na wengine walishikwa kwa nguvu. Mwanahistoria Ch. Didier Gondola, aliyeandika kitabu juu ya Bills, hafichi habari hiyo. Wazee wakizikumbuka siku zile kwa kicheko, muulizeni na bibi alikuwa akipita njia gani kwenda sokoni.

Padri mmoja Mbelgiji hakuwafukuza vijana hao. Aliwafuata kwao, akafanya urafiki nao, mpaka akaitwa Père Buffalo.

Nasi tunaweza kukaa kidogo na mtoto wa kiume anapotazama filimu ya mapenzi, tumuulize: huyo msichana amekubali, ama ameshindwa tu kukimbia?