Pikipiki kuukuu: Ikague kwanza kabla ya kuikanyaga kiki

HARAKA haraka haina baraka, walinena wahenga. Methali hiyo inafaa kuandikwa kwenye mlango wa kila ghala ambamo pikipiki ya zamani imelala chini ya gunia kwa miaka.

Aghalabu mambo huenda hivi. Mwana au mjukuu aliyerithi chombo hicho hukisukuma hadi uani, hutia petroli mpya juu ya ile iliyooza, kisha hukanyaga kiki mara hamsini. Injini isipowaka, huitwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye huipima kwa kilo. Mashine ambayo pengine ilihitaji plagi mpya na kabureta safi huishia kwenye tanuri la kuyeyushia chuma.

Hasara hiyo huepukika. Pikipiki za kale ziliundwa kwa njia nyepesi kiasi kwamba mtu makini, mwenye vifaa vichache na subira, anaweza kuzirekebisha nyumbani. La muhimu ni kufuata mpangilio: kagua, tambua kasoro, kisha ndipo ufungue.

Makala haya yatatumia mfano wa Honda za jamii ya Super Cub, yaani C50, C70 na C90. Pikipiki hizi zilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1958, na kufikia mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilikuwa imeunda zaidi ya milioni 100. Silinda yake ni moja na imelala karibu sambamba na ardhi, tangi liko chini ya kiti, na klachi hujiendesha yenyewe bila wenzo wa mkono. Anayezielewa hizi hatapata taabu kuelewa nyingine nyingi za enzi hiyo.

Mahali na vifaa

Huhitaji karakana kubwa. Kibanda chenye paa, sakafu ngumu na mwanga wa kutosha kinafaa. Hata hivyo, kuna sharti moja lisilo na mjadala: pasiwe na jiko, koroboi wala sigara karibu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni usionekane, na unaweza kuufikia moto ulio hatua kadhaa kutoka ulipo. Vilevile, usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua.

Kuhusu vifaa, tafuta spana za milimita, kifaa cha kufungulia plagi, bisibisi, plaisi, msasa laini, na fila, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi ndogo. Skrubu za Kijapani zenye alama ya msalaba zinafanana na za Kizungu ilhali umbo lake ni tofauti kidogo. Bisibisi ya kawaida huziparua vichwa. Tafuta bisibisi yenye maandishi JIS. Nao wenye pikipiki za Uingereza kama vile BSA na Triumph za miaka ya 1950 wajue kwamba spana za milimita hazizitoshi nati zao nyingi. Kulazimisha spana isiyotosha ni kuiviringisha nati hadi isifunguke tena.

Weka pia daftari na vikopo vidogo. Andika ulichofungua na mahali kilipotoka. Kumbukumbu ya leo si ya wiki ijayo.

Kabla ya kukanyaga kiki

Injini iliyokaa bila kuwashwa huwa kavu ndani. Mafuta hushuka chini, kutu huingia kwenye ukuta wa silinda, na ringi za pistoni zinaweza kunata. Ukiikanyaga kwa nguvu, kutu hiyo hukwaruza silinda na kasoro ya shilingi chache hugeuka gharama kubwa.

Kwa hivyo, anza kwa kufungua plagi. Tia kijiko kimoja cha mafuta ya injini kupitia tundu lake na uache usiku kucha. Siku ya pili, sukuma kiki taratibu kwa mkono. Ikizunguka, vyema. Ikigoma, usitumie mguu wala nyundo. Ongeza mafuta ya kulegeza kutu, subiri siku mbili tatu, kisha ujaribu tena.

Hatua inayofuata ni kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya. Honda hizi hutumia chini ya lita moja, na mafuta hayohayo hulainisha injini, gia na klachi. Kwa sababu hiyo, chagua mafuta yaliyoundiwa pikipiki, ambayo kopo lake lina alama ya JASO MA. Baadhi ya mafuta ya magari yana viungo vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze.

Wenye pikipiki za injini aina ya viharusi viwili wana tahadhari yao. Injini hizo hulainishwa na mafuta yanayoungua pamoja na petroli. Nyingine huchanganyiwa tangini, ilhali Yamaha zilizoundwa tangu mwaka wa 1964 zilianza kupewa pampu maalumu ya kazi hiyo. Pampu ikiwa imekufa au mchanganyiko ukisahaulika, pistoni itakwama baada ya mwendo mfupi.

Mambo matatu ya kupima

Injini ya petroli huhitaji vitu vitatu ili iwake: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko sahihi wa petroli na hewa, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Fundi stadi hupima vyote vitatu kabla ya kununua kipuri chochote.

Mgandamizo hupimwa kwa kidole. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba na mwenzako asukume kiki. Hewa ikikisukuma kidole kwa nguvu, kuna matumaini. Ikiwa dhaifu, tia kijiko cha mafuta kisha urudie. Nguvu ikiongezeka, ringi au silinda zimelika. Isipoongezeka, huenda valvu hazifungi barabara.

Kwa cheche, chomeka plagi kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini mbali na tundu lake na mbali na petroli, halafu sukuma kiki. Cheche ya buluu inayosikika ni njema. Cheche nyekundu iliyofifia ni ishara ya udhaifu katika mfumo wa umeme.

Plagi yenyewe husema mengi. Ukijaribu kuwasha kisha uikute kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa petroli, cheche haipo au petroli imezidi. Ikiwa na masizi makavu meusi, hewa ni haba. Na iwapo ina utando wa mafuta mazito, mafuta ya injini yanapenya kwenye silinda. Nafasi kati ya ncha zake katika Honda hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Tangi na kabureta

Petroli iliyokaa kwa miezi mingi huoza, hunuka kama rangi ya mbao, na huacha utomvu unaoziba njia ndogo za kabureta. Imwage yote. Tangi likiwa na kutu, lijaze siki kwa siku moja, litikise pamoja na nati chache ndani, kisha ulisuuze kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wa siki. Likaushe mara moja na ulipake mafuta kidogo ndani, la sivyo kutu itarudi kabla ya jua kutua. Hesabu nati ulizotia na uhakikishe zote zimetoka.

Kabureta ifunguliwe juu ya sinia jeupe ili kipuri kisipotee. Vijitundu vya jeti havichokonolewi kwa waya wa chuma, maana kuvipanua hata kidogo huharibu kipimo cha petroli. Tumia kisafishio cha kabureta na pumzi ya pampu, huku umevaa miwani ya kukinga macho. Kagua boya: ukilitikisa na kusikia majimaji ndani, limetoboka na petroli itafurika.

Pointi na valvu

Modeli za kale za volti 6 hupata cheche kwa msaada wa pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana injini inapozunguka. Katika baadhi ya modeli zimejificha nyuma ya gurudumu la sumaku, ilhali katika nyingine zipo kando ya kichwa cha silinda. Uchafu na kutu huziba njia ya umeme. Zisugue kwa msasa laini sana, uzifute kwa kitambaa safi, halafu urekebishe nafasi iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4 zinapofunguka kabisa. Modeli za baadaye, kuanzia miaka ya 1980, zilipewa volti 12 na mfumo wa kielektroniki usio na pointi. Usichanganye vipuri vya aina hizi mbili: betri ya volti 12 huunguza balbu za volti 6.

Nafasi ya valvu ni milimita 0.05 tu, nayo hupimwa injini ikiwa baridi. Ikiwa finyu mno, valvu haifungi na huungua. Jambo hili lina uzito zaidi kwa pikipiki nyingine zilizoundwa enzi za petroli yenye risasi, hasa za Kizungu zenye vichwa vya chuma cha kusubu. Risasi ililinda vikalio vya valvu. Petroli hiyo ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka wa 2006, na mnamo Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Ni faida kubwa kwa afya ya watoto wetu, lakini mwenye injini kuukuu apime nafasi za valvu mara kwa mara.

Kusimama ni bora kuliko kuwaka

Wengi hushangilia injini inaponguruma na papo hapo kuingia barabarani. Hapa ndipo penye hatari kuu. Injini iliyokataa kuwaka hukuacha nyumbani, ilhali breki iliyokataa kushika inaweza kukupeleka kaburini.

Fungua magurudumu yote mawili na ukague vibanio vya breki vilivyomo ndani. Usipulize vumbi lake. Vibanio vya zamani vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji na ukitupe kikiwa kimefungwa. Badilisha waya wa breki uliochakaa hata uzi mmoja.

Tairi nalo huzeeka hata likiwa na meno. Kwa yaliyoundwa tangu mwaka wa 2000, tarakimu nne ubavuni huonyesha wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2009. Tairi lenye nyufa halifai kubeba roho ya mtu. Mnyororo uchezecheze sentimita moja hadi mbili, si zaidi. Hatimaye kagua taa, honi na nyaya zilizotafunwa na panya.

Kabla ya kutumia fedha zozote, linganisha nambari za chesisi na injini na zile zilizo katika kitabu cha umiliki. Pikipiki nzuri isiyo na stakabadhi ni mzigo. Na siku ya kwanza ya kuiendesha, vaa kofia ngumu, zunguka karibu na nyumbani kwa mwendo wa pole, rudi, kisha ukaze upya kila nati uliyoigusa.

Kwa kila hatua, badilisha kitu kimoja tu kisha ujaribu. Ukibadilisha plagi, kabureta na koili kwa mpigo, hata injini ikiwaka hutajua kilichoiponya, na itakapozima tena utaanza upya. Panapohitajika mashine ya kuchonga silinda au kuchomelea fremu, mpelekee fundi wa jua kali aliyebobea, ukiwa na daftari lako mkononi. Atakaposoma vipimo ulivyoandika, atajua aanzie wapi, nawe utalipia kazi inayohitajika tu.