Mto Uliofunikwa Uso
Chemchemi ya Mito Mine kule Roma, na Kabambare yetu

Mseminari akijaliwa siku moja kufika Roma, hakosi kuonyeshwa uwanja wa Piazza Navona. Katikati yake kuna chemchemi ya kujengwa kwa mawe, na juu ya mwamba wake wamekaa watu wanne wakubwa wa marumaru. Watatu waonyesha nyuso zao. Wa nne amefunikwa kichwa kwa nguo. Huyo aliyefunikwa ndiye aliyewekwa kwa ajili ya Afrika. Twataka kueleza hapa chemchemi hiyo ilijengwa namna gani, na kwa sababu gani nguo ile yatuhusu sisi watu wa Kabambare.

Tuanze na pahali penyewe. Uwanja ni mrefu na mwembamba, kwani unafuata umbo la kiwanja cha michezo cha Kaisari Domitianus, cha karne ya kwanza. Maji yake ni Aqua Virgo, yaliyoletwa mjini na Agrippa mwaka wa 19 mbele ya Kristo, kwa mfereji unaopita karibu wote chini ya udongo. Papa Innocentius X (1644-1655), wa jamaa ya Pamphilj, alikuwa na nyumba ya ukoo wake uwanjani pale, akataka kupapamba. Kazi akampa fundi Gian Lorenzo Bernini. Ilianza mwaka wa 1648, na chemchemi ikafunguliwa tarehe 12 Juni 1651.

Sasa tutazame ujenzi. Chini ni birika, na ndani ya birika mwamba wa mawe ya travertino. Fundi aliutoboa mwamba huo pande zote nne, hata umekuwa kama pango. Juu yake akasimamisha obeliscus, yaani nguzo ndefu ya granito, ambayo ilikuwa imelala vipande vipande karibu na njia ya Appia. Mtazamaji aona nguzo imesimama juu ya utupu, aogopa itaanguka. Kumbe uzito wake washukia katika pembe nne za mwamba. Juu ya ncha yuko njiwa, alama ya jamaa ya Papa.

Katika pembe hizo nne wamekaa watu wetu wanne. Kila mmoja ni mto, na kila mto ni sehemu ya dunia: Danubius ni Ulaya, Ganges ni Asia, Rio de la Plata ni Amerika, Nilus ni Afrika. Ganges ashika kasia. Karibu na Rio de la Plata kuna sarafu, maana jina lake ni mto wa fedha. Chini kuna mtende, na simba ainama kunywa maji.

Lakini kwa nini Nilus afunikwe? Waongozaji wa wageni hupenda kusema kwamba ajificha asilione kanisa la Mtakatifu Agnes lililo mbele yake, kwa sababu Borromini aliyelijenga alikuwa mshindani wa Bernini. Hadithi hiyo si ya kweli. Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka wa 1652, chemchemi imekwisha. Sababu ya kweli ni nyepesi: watu wa Ulaya hawakujua mto huo waanzia wapi. Ni kweli, Padri Pedro Páez, Myesuiti, alikuwa ameiona chemchemi ya Nile ya Buluu huko Etiopia mwaka wa 1618. Lakini mkono mwingine wa mto, ulio mrefu zaidi, ulibaki fumbo kwao.

Kwa ajili ya fumbo hilo Bwana David Livingstone alifika kwetu Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Alikuwa amesoma habari za chemchemi za Nile katika Herodotus, Mgiriki wa zamani, akaamini kwamba Lualaba ndiyo Nile. Mwaka wa 1870 vidonda vya miguu vilimlaza hapa muda mrefu. Aliandika kwamba alipokuwa Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mwaka wa 1871 akafika Nyangwe, akauona Lualaba. Alikufa mwaka wa 1873 bila kujua hakika. Mwaka wa 1877 Stanley, akiufuata mto huohuo, akatokea katika bahari ya Atlantiki. Ilikuwa Kongo, si Nile.

Tusimcheke. Ila tuseme kwamba yule mchongaji wa Roma alifanya vema: jambo asilolijua alilifunika, hakubuni uso. Lakini nguo ile yafunika ujinga wa nani? Si wa mama aliyechota maji kila asubuhi pale mto ulipozaliwa. Kwake mto haukuwa na nguo usoni. Hakuna aliyemwuliza.

Tena kuna nyuso nyingine zisizochongwa kabisa. Miaka ile mkate ulikuwa haba Roma, na kodi nzito. Watu walibandika karatasi za kulalamika kwamba wanataka mkate, si nguzo na chemchemi. Kazi ni nzuri, yamsifu Muumba. Hata hivyo wenye njaa walisaidia kuilipa, wala hawakuulizwa.

Ndugu mapadri na wakatekista, nasi twafika katika vijiji tukiwa na ramani na mafundisho tayari. Twajenga kisima pasipo kuwauliza wanaochota. Twafundisha kana kwamba watu walikuwa gizani mpaka siku tuliyoshuka katika baiskeli. Mara nyingi giza ni letu, nasi tumewavika wao ile nguo.

Bwana wetu alipofika kisimani kwa Wasamaria, alikuwa na maji ya uzima ya kutoa. Lakini alianza kwa kumwomba yule mwanamke maji ya kunywa.