Je, wajua? Siri ya makaroni ya nyama ya kusaga yenye rojo zito

Je, wajua kwamba maji yanayochemka Unyambwa hayafiki nyuzi 100 za Selsiasi? Kata hii ya Manispaa ya Singida iko kwenye uwanda wa kati wa Tanzania, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo yanaanza kutokota yakiwa na nyuzi 95 hivi. Mpishi anayefuata dakika za kwenye pakiti ya makaroni huyakuta bado yana kiini kigumu katikati, akalazimika kuyaongezea dakika mbili tatu.

Kwa bahati nzuri, makaroni hayahitaji nyuzi 100. Wanga wa ngano huanza kunywa maji na kuvimba ukifika nyuzi 60 hivi, na gluteni, ile protini inayoshikilia umbo la makaroni, nayo hukazana kabla maji hayajachemka. Mwinuko unaowachelewesha sana wapishi wa maharage huwagharimu wapishi wa makaroni dakika chache tu.

Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopanda Ulaya, mwanafizikia wa Italia Giorgio Parisi, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka uliotangulia, alisambaza ushauri uliozua ubishi mkubwa nchini kwao: maji yakishachemka na tambi zikishaingia, zima moto au uushushe kabisa, funika sufuria, uache joto lililomo ndani limalizie kazi. Baadhi ya wapishi walikasirika. Hoja yenyewe, hata hivyo, ni sahihi, kwa sababu maji yanayotokota kwa kishindo yana joto lilelile la maji yanayotokota taratibu, na moto wa ziada unaishia kuwa mvuke. Kwa familia inayonunua mkaa kwa kopo au inayohesabu siku za mtungi wa gesi, hilo ni jambo la pesa. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034, na mlo unaoiva kwa sufuria moja na moto mdogo unaendana na safari hiyo.

Mlo wenyewe hauna mambo mengi. Ni nyama ya kusaga, kitunguu, nyanya, pilipili, mafuta ya alizeti, makaroni, na kitu cha kulainisha rojo. Unaiva ndani ya nusu saa kwa sababu kazi za polepole zimekwishafanywa kabla kiberiti hakijawashwa. Kiwandani unga wa ngano ngumu umekandwa, ukasukumwa kwenye matundu, ukakaushwa hadi maji yaliyobaki ndani yake ni kama asilimia 12, ndiyo maana pakiti hukaa kabatini muda mrefu bila kuharibika. Buchani, misuli ambayo ingehitaji saa kadhaa jikoni imepita kwenye mashine kwa dakika moja.

Ngano ngumu ni mmoja wa wageni katika sufuria hii, na safari yake ni ndefu. Wengi wamesikia kwamba Marco Polo ndiye aliyepeleka tambi Italia kutoka China. Si kweli. Polo alirudi Venice mwaka 1295, ilhali mwaka 1154 mwanajiografia Mwarabu al-Idrisi, akimwandikia Mfalme Roger II wa Sisilia, alikwisha kueleza juu ya Trabia, mji ulio karibu na Palermo, ambako tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa melini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. China nayo ina historia yake. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha taarifa ya bakuli la tambi lililofukuliwa Lajia, lenye umri wa miaka 4,000 hivi. Watafiti walisema tambi hizo zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo za jamii ya mawele, si kwa ngano. Msomaji wa Singida, mkoa wa uwele na mtama, ana haki ya kuisoma sentensi hiyo mara mbili.

Afrika Mashariki ilizipokea tambi kwa milango miwili. Kwa watu wa pwani na Zanzibar, tambi nyembamba hupikwa kwa tui la nazi, sukari, iliki na zabibu, na wakati wa Ramadhani huonekana mara nyingi kwenye futari. Kwa Wasomali, utawala wa Italia uliacha desturi ya kula tambi na mchuzi wa nyama wenye viungo, na ndizi mbivu pembeni. Chakula hicho kinauzwa hadi leo katika mikahawa ya Eastleigh, Nairobi. Makaroni ya nyama na pilipili yanayopikwa bara leo yako karibu zaidi na mlango huu wa pili.

Ngano yenyewe iliwahi kufika jirani kabisa na Singida. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lililima mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu, wilayani Hanang. Mashamba hayo yaliwaondolea wafugaji Wabarbaig malisho yao bora, na mgogoro ukafika mahakamani. Hata baada ya juhudi zile, Tanzania bado inaagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoitumia.

Tukirudi jikoni, ng'ombe wa Singida ni zebu mwenye nundu na pembe fupi, anayetembea mbali kutafuta majani na maji katika mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua. Misuli inayofanya kazi hivyo hujaa kolajeni, nyuzi ngumu zinazohitaji kuchemshwa muda mrefu hadi zilainike. Nyama ya kusaga inaikwepa kazi hiyo kwa sababu nyuzi zimekatwa fupi kiasi kwamba jino halizihisi. Lakini mashine hiyohiyo inaleta hatari. Kwenye kipande kizima cha nyama, vijidudu hukaa hasa juu, vikafa kwa moto wa kwanza. Kwenye nyama ya kusaga, cha juu kimechanganywa na cha ndani. Ndiyo sababu wataalamu wa usalama wa chakula wanataka nyama hii ifike nyuzi 71 kila mahali, pasibaki doa jekundu, na ndiyo sababu ni bora mteja asagiwe nyama buchani mbele ya macho yake na aipike siku hiyohiyo.

Hatua inayoharibiwa zaidi na wapishi ni ya kukaanga. Nyama ina maji karibu robo tatu ya uzito wake. Ikitupwa yote kwenye sufuria ndogo isiyopata moto, inatoa maji, inageuka kijivu na kuanza kujichemsha. Hapo inafaa kutega sikio. Mwanzoni sauti ni ya kutokota, nzito na yenye povu. Maji yakiisha, sauti inabadilika kuwa ya kuchacharika, kavu na ya haraka, na harufu inabadilika pamoja nayo. Sasa joto chini ya sufuria limevuka nyuzi 100 na linapanda kuelekea 140, ambako protini na sukari huungana kwa kasi na kuzaa mamia ya viini vya ladha na ile rangi ya kahawia. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza muungano huo mwaka 1912, na jina lake limebaki nao. Mpishi anayekatiza hatua hii kwa kuwahi kumwaga nyanya anapoteza nusu ya ladha.

Mafuta nayo yanataka kujulikana tabia. Serikali ilipoamua kuisukuma alizeti, Singida iliwekwa mstari wa mbele pamoja na Dodoma na Simiyu, na msafiri wa barabara kuu huyaona mafuta yamepangwa pembeni kwa madumu na chupa. Yale yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo bila kusafishwa yana rangi nzito, harufu ya mbegu na mashapo chini. Ni matamu, ila hutoa moshi mapema sana kuliko ya kiwandani yaliyosafishwa, ambayo huvumilia zaidi ya nyuzi 220. Kwa ya kienyeji, moto wa wastani unatosha. Vitunguu havina shida ya kupatikana: mkoa huu unavilima kwa wingi, na soko la Misuna, mjini Singida, huvuta wanunuzi hadi wa nchi jirani.

Pilipili ilifika Afrika baada ya safari za Columbus, kama nyanya, na alizeti pia asili yake ni Amerika. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini, ambayo hukaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe. Anayetaka harufu ya pilipili mbuzi bila kulia machozi aukwangue utando huo. Mwaka 1912, mwaka uleule wa Maillard, Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali: pilipili hoho ni sifuri, pilipili kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi inaweza kupita 300,000. Kwa nini inaunguza wakati haina moto? Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walikigundua kipokezi cha neva ambacho kwa kawaida hufunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. Kapsaisini inakifungua bila joto lolote, na ubongo unapokea taarifa kwamba mdomo unaungua. Julius alipata Nobel ya Tiba mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian.

Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Glasi ya maji humsaidia kidogo sana aliyeunguzwa. Maziwa humsaidia, kwa sababu mafuta na protini yake ya kaseini huibeba kemikali ile na kuiondoa ulimini. Kwa hiyo rojo la maziwa lina kazi zaidi ya utamu: linaruhusu pilipili nyingi iliwe kwa raha.

Na hapa ndipo penye mtihani. Anayemimina maziwa ya kawaida kwenye nyanya zinazochemka huona madonge, kwa sababu asidi ya nyanya ikisaidiwa na joto huifanya kaseini ishikamane. Krimu ya dukani, yenye mafuta asilimia 30 au zaidi, haikatiki kirahisi, ila Unyambwa si lazima mtu aitafute. Utando mzito unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa na kupoa unafaa. Mtindi unafaa pia, mradi uingie mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa, baada ya kuchanganywa kwanza na mchuzi kidogo.

Lakini chaguo bora kwa nchi hii kavu ni karanga. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na robo ni protini, na zikitwangwa laini kisha zikakorogwa na maji ya moto, zinatoa rojo zito lisiloogopa nyanya. Wapishi wa kanda ya kati wanaziunga kwenye mboga za majani tangu zamani, na zinakaa na nyama na pilipili kana kwamba zilitengenezewa hapo. Sharti ni moja, nalo si la kupuuza: karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi na kupika, na mwaka 2016, kupitia mahindi hasa, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Anayepika kwa maziwa ana mlinzi mwingine asiyelipiwa hata senti: maji ya makaroni. Wanga unaotoka kwenye makaroni huzunguka chembe za mafuta na protini na kuzizuia zisigandamane. Wanafizikia waliochunguza tambi za jibini na pilipili manga za Roma, katika utafiti uliotoka mwaka 2025 kwenye jarida la Physics of Fluids, walikuta kwamba wanga wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini unatosha kulifanya rojo litulie. Ukipungua chini ya asilimia 1, jibini linakuwa madonge. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ig Nobel ya fizikia mwaka huohuo.

Hii ndiyo sababu ya kuyaivisha makaroni ndani ya sufuria ileile ya nyama, kwa maji ya kuyafunika tu, badala ya kuyachemsha kando kwa maji mengi na kuyamwaga. Wanga wote unabaki chakulani, mkaa unapungua, na vyombo vya kuosha vinapungua. Na wewe uliyezoea kuchuja, chota kwanza kikombe kimoja cha maji hayo mazito ukiweke kando. Rojo likianza kukatika, yarudishe kidogo kidogo huku ukikoroga.