Mwanamke Aliyesalia: Shujaa wa Kike katika Ngano ya Shing'weng'we

1.0 Utangulizi

Hadithi ya mji ulioangamia kwa nguvu za ajabu si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anampeleka mhusika wake mkuu katika mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe. Humo anamkuta msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu. Kisa hicho kina asili katika Alfu Lela Ulela. Hata hivyo, motifu ya jamii iliyotoweka na mwanamke mmoja aliyesalia haipatikani pwani peke yake. Makala haya yanaichunguza katika ngano ya Shing'weng'we, isimuliwayo na Wasukuma wa Shinyanga, Geita na mikoa ya jirani, na yanadai kwamba shujaa wa kwanza wa ngano hiyo ni mama, wala si mwanawe.

2.0 Mama kama Mhifadhi wa Maarifa

Katika masimulizi yajulikanayo zaidi, zimwi Shing'weng'we lawameza watu wote pamoja na mifugo yao. Anasalimika mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la makapi. Anamzaa Masala Kulangwa, jina linalofasiriwa kuwa mtu mwenye akili aelewaye upesi. Kijana anapopata habari za maangamizi hayo, anaanza kuwinda. Anarudi na panzi, kisha ndege, kisha mnyama mkubwa zaidi, na kila mara anauliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama anakana.

Wahakiki wengi huvutiwa na ushujaa wa kijana. Lakini majibu ya mama ndiyo yanayoongoza msako mzima, kwa kuwa ni yeye pekee aliyeyashuhudia maangamizi. Bila kumbukumbu yake, akili ya mwana isingekuwa na shabaha. Mwelekevu naye, katika mji wa mawe, ndiye awezaye kueleza yaliyowapata wenzake. Tofauti ni kwamba Shaaban Robert alimpa shujaa wake jina, ilhali mama wa ngano hii kwa kawaida hana.

3.0 Kikongwe Aliyekatwa Sikio

Masala Kulangwa analiua zimwi na kulipasua tumbo. Watu wanatoka wakiwa hai. Kwa bahati mbaya kisu chake kinamkata sikio bibi kizee mmoja, ambaye anaghadhibika na kutaka kumroga. Kijana anatafuta dawa na kumponya, ndipo watu wanapomtawaza.

Tukio hili lina uzito mkubwa katika eneo husika. Kwa miongo kadhaa, vikongwe wa Shinyanga na maeneo ya jirani wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo huweza kusababishwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Yaelekea ngano hii inabeba hofu hiyohiyo, kwani kikongwe anachorwa kuwa mwenye uwezo wa kuroga. Lakini suluhisho lake ni jingine kabisa. Kosa la awali ni la mwenye kisu, na mwenye kisu ndiye anayewajibika kuliponya jeraha. Ushindi haukamiliki kwa kuuawa zimwi. Unakamilika bibi anapopona.

4.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba ngano hii huanza kwa mwanamke na kufikia kilele chake kwa mwanamke. Mwalimu anayeifundisha akiishia kwenye kuuawa kwa zimwi, huwa ameacha nje sehemu ambayo jamii yenyewe inaihitaji zaidi.