Dalili za Ng'ombe Atakaye Dume

Mfugaji mwenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa hana budi kujua kuhesabu siku. Ng'ombe asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi, au tuseme kati ya siku 18 na 24. Siku hiyo ikipita bila mwenyewe kujua, huwa amepoteza majuma matatu mazima ya maziwa, wala hakuna dawa ya kuyarudisha.

Dalili iliyo kuu kupita zote ni kwamba ng'ombe husimama tuli wenzake wampandapo. Yule apandaye si lazima awe ndiye atakaye dume. Mwangalie aliye chini asiyekimbia. Hali hii hudumu muda wa saa 12 hadi 18 tu, na kwa ng'ombe wetu wa kienyeji wenye nundu huwa fupi zaidi, tena mara nyingi hutokea usiku. Ndiyo sababu mtu atazamaye ng'ombe wake wakati wa kukama tu huja akadai kwamba ng'ombe ni tasa! Ng'ombe afugwaye peke yake hana mwenzake wa kumpanda, basi kwake yafaa kutazama mengine: hulialia, hatulii, maziwa hupungua, uke huvimba, na ute mwangavu kama ute wa yai huning'inia.

Akionekana asubuhi, na apandishwe kwa sindano jioni ile ile. Akionekana jioni, kesho yake asubuhi. Fahali mwenyewe huijua saa yake. Lakini fahali wa kuazimana ni hatari. Kituo cha mbegu za madume kilichoanzishwa Kabete mwaka wa 1946 kilikusudiwa hasa kuzuia magonjwa ya uzazi ambayo dume moja huyaeneza boma kwa boma. Mimba huharibika ingali changa, na mwenyewe haoni kitu ila ng'ombe kurudia kutaka dume.

Damu kidogo ionekanayo siku moja hadi tatu baadaye huwatia wengi wasiwasi. Wengine husema mbegu imekataa, wengine kwamba imeshika. Haisemi hili wala lile. Yaonyesha tu kwamba wakati umekwisha pita. Andika tarehe hiyo, uanze kumwangalia tena baada ya siku 16 hivi.

Asiporudia baada ya majuma matatu kuna matumaini, si hakika, kwa maana ng'ombe aliyekonda kwa njaa naye hunyamaza. Daktari wa mifugo aweza kuipima mimba kwa mkono ikiwa ya miezi miwili. Kungoja tumbo likue ni kuchelewa mno. Tangu kupandishwa hadi kuzaa ni siku 283 hivi, na kukama kwapasa kukomeshwa siku 60 kabla. Asiyeiandika tarehe ya kupandisha atazihesabuje?